Kurudufisha Mashine Pepe Zinazotegemeana: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Mifumo

Chukulia SACCO yenye mashine pepe tano. Ya kwanza ina kanzidata ya akiba na mikopo. Ya pili inaendesha programu wanayoitumia makarani. Ya tatu inapokea taarifa za malipo kutoka M-Pesa na Airtel Money, inazipanga foleni, kisha inazikabidhi kwa kanzidata. Ya nne ni tovuti ya wanachama. Ya tano ni seva ya domeni, ile inayotambua watumiaji na kugeuza majina ya mashine kuwa anwani. Zote tano zinarudufishwa kila baada ya dakika chache hadi kituo cha pili. Siku vifaa vya kituo cha kwanza vinapoungua, msimamizi anaziwasha nakala upande wa pili na zote zinaamka. Ukiitazama kila moja peke yake, ni nzima.

Lakini nakala ya kanzidata ni ya saa 4:00 asubuhi, na nakala ya foleni ni ya saa 4:04. Katika dakika hizo nne mwanachama alilipa rejesho la shilingi 50,000. Foleni inajua kwamba ilishaikabidhi taarifa hiyo na ikaifuta. Kanzidata haijawahi kuiona. Pesa imetoka kwenye simu ya mwanachama na kampuni ya simu ina uthibitisho, ila katika vitabu vya SACCO malipo hayo hayapo, na hakuna mashine itakayopiga kelele. Geuza saa hizo, kanzidata iwe ya 4:04 na foleni ya 4:00, na malipo yaliyokuwa bado kwenye foleni saa 4:00 yataandikwa mara mbili.

Kosa la namna hii ni baya kuliko mashine kushindwa kuwaka, kwa sababu mashine isiyowaka utaiona papo hapo. Hesabu zisizopatana utaziona mwisho wa mwezi, wanachama wakiwa wameshajaa kaunta. Ndiyo maana mashine zinazotegemeana hurudufishwa zikiwa kundi moja, kwa wakati mmoja, na huamshwa kwa mpangilio uliojulikana kabla ya siku ya balaa. Vifaa vya kufanya hivyo unavyo tayari au unaweza kuvipata. Kazi nzito ni ya kufikiri, na hiyo haiuzwi pamoja na leseni.

Chora ramani kabla ya kugusa mipangilio

Usianze kwenye skrini ya programu ya urudufishaji. Anza kwa karatasi. Andika huduma moja ambayo mteja anaijua, kwa mfano "mwanachama kulipa mkopo kwa simu", kisha ufuate safari ya muamala huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mashine inayoguswa njiani iingie kwenye karatasi.

Kumbukumbu yako haitoshi kwa kazi hii. Tazama miunganisho halisi ya mtandao kwenye kila mashine kwa amri kama ss au netstat, na uifanye kwa siku kadhaa ikiwemo siku ya kufunga mwezi, maana kuna mashine ambazo huzungumza siku hiyo tu. Soma faili za mipangilio ya programu. Soma orodha ya kazi zinazojiendesha usiku. Halafu keti na mhasibu na karani, uwaulize wanachokikosa pale mfumo unapokwama. Mara nyingi utasikia kuhusu folda ya pamoja yenye fomu zilizoskaniwa, au mashine kuukuu inayotoa ripoti ya mamlaka ya mapato, ambayo hakuna fundi aliyekumbuka kuitaja.

Vitu vinavyosahaulika zaidi ni vile vinavyofanya kazi kimyakimya: DNS, seva ya saa, seva ya leseni, seva ya vyeti, na ile inayotuma SMS. Saa hasa isidharauliwe. Uthibitishaji wa Kerberos katika mifumo ya Windows, kwa mipangilio yake ya kawaida, hukataa mashine ambayo saa yake imepishana na seva kwa zaidi ya dakika 5. Nakala zako zinaweza kuamka zote zikakataliana kwa sababu hiyo tu.

Kisha toka nje ya jengo. Kampuni za simu na benki huruhusu mawasiliano kutoka anwani za IP walizozisajili, mara nyingi kupitia VPN maalumu. Ukihamia kituo cha pili ukiwa na anwani mpya ambayo hawaijui, mashine zako zitakuwa hai na malipo hayataingia. Barua ya kusajili anwani za kituo cha pili iandikwe sasa, wakati hakuna haraka. Siku ya dharura, atakayepokea simu yako huenda hana mamlaka ya kubadilisha chochote.

Nani aingie kundi gani

Ukishapata ramani, kishawishi ni kuweka kila kitu kwenye kundi moja kubwa. Jizuie. Ili kundi zima lipate nukta moja ya kurejea, lazima mashine zote zisubiriane, na yenye diski nzito au mtandao hafifu itazichelewesha nyingine. Katika Azure Site Recovery, kundi la urudufishaji lina ukomo wa mashine 16, na Microsoft yenyewe inashauri upatanifu wa mashine nyingi uwashwe pale tu unapohitajika kweli, kwa kuwa unakula nguvu ya kichakato. Kipimo changu ni swali moja: je, mashine hizi mbili zikiamka zikiwa na data za nyakati tofauti, kuna hesabu itakayoharibika? Kama ndiyo, ziwe kundi moja. Kama jibu ni hapana, zitenganishe.

Kwa SACCO yetu, kanzidata na foleni haziachani kamwe. Programu ya makarani iungane nazo kama inahifadhi chochote kwenye diski yake. Tovuti ya wanachama, ikiwa inaonyesha tu kilichomo kwenye kanzidata, inaweza kuwa kundi lake na kurudufishwa mara chache zaidi. Seva ya domeni ina habari yake, nitaifikia.

Hapa kuna mtego wa majina ambao umewaponza wengi. Neno "kundi" katika programu moja halina maana ileile katika nyingine. Zerto huweka mashine katika kundi la ulinzi ambalo lote lina nukta za pamoja, kwa hiyo ukirudi nyuma, mashine zote zinarudi sekunde ileile. Kwa VMware Site Recovery Manager, kundi la ulinzi kwanza ni utaratibu wa kuhamisha na kuwasha mashine pamoja. Upatanifu wa wakati hutoka kwenye hifadhi yenyewe, pale diski zote za kundi zinapowekwa katika kundi moja la upatanifu. Ukitumia vSphere Replication chini yake, kila mashine inarudufishwa kivyake. Hyper-V Replica nayo hufanya kazi kwa mashine mojamoja, kila sekunde 30, dakika 5 au dakika 15 tangu toleo la 2012 R2. Proxmox, ambayo taasisi ndogo nyingi huipenda kwa kuwa haina gharama ya leseni, hurudufisha kila mashine kwa ratiba yake kupitia ZFS, na ratiba ya kawaida ni kila dakika 15.

Je, mwenye Hyper-V au Proxmox akate tamaa? Hapana, ila lazima ulinzi wa wakati autafute mahali pengine. Njia iliyo bora ni kuiachia kanzidata ijirudufishe yenyewe kwa njia zake, kama urudufishaji wa mtiririko wa PostgreSQL au Always On ya SQL Server, kisha kuhakikisha kwamba programu inastahimili taarifa kujirudia. Kila muamala wa simu huja na namba yake ya kipekee. Mwambie mtengeneza programu aifanye namba hiyo isirudiwe ndani ya kanzidata, ili taarifa ikija mara ya pili ikataliwe. Na foleni isifute taarifa hadi siku kadhaa zipite, ili iweze kuituma upya. Mistari hiyo michache ya programu itakuokoa hata pale teknolojia ya gharama kubwa itakaposhindwa, na ningeisisitiza hata kwa mwenye Zerto.

Nakala ya ghafla na nakala tulivu

Nukta ya kurejea huja kwa aina mbili. Ya kwanza inafanana na mashine iliyokatikiwa umeme ghafla: kilichokuwa kwenye diski kipo, kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda hakipo. Ya pili hupatikana baada ya programu kuombwa itulie kidogo, iandike kila ilichokishika, ndipo nakala ichukuliwe. Windows hufanya hivyo kwa huduma iitwayo VSS. Kwenye Linux unaweza kutumia fsfreeze pamoja na skripti za kabla na baada.

Wauzaji huisifu sana aina ya pili. Ukweli ni kwamba kanzidata nzuri, kama PostgreSQL au MySQL yenye InnoDB, imejengwa kuvumilia kukatika ghafla: huandika mabadiliko kwenye kumbukumbu za miamala kwanza, na ikiamka huzisoma na kujirekebisha. Sharti lake ni moja tu, kwamba diski ya data na diski ya kumbukumbu hizo ziwe za wakati uleule mmoja. Kwa hiyo nukta za ghafla zichukuliwe kwa wingi, kila dakika chache, na nukta tulivu zichukuliwe mara chache, tuseme kila saa. Kutuliza kanzidata kila dakika tano mchana wa kazi ni kuwatesa makarani.

Umbali, nyaya na hesabu za mtandao

Urudufishaji wa papo kwa papo, ambapo andiko halikubaliwi hadi vituo vyote viwili viwe vimelipokea, haupotezi data lakini gharama yake ni kasi kupungua. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya hudai milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Dar es Salaam hadi Dodoma ni karibu kilomita 450 kwa barabara, Nairobi hadi Mombasa karibu 480. Hapo umeshakaribia milisekunde 5 kabla ya kuhesabu vifaa vya njiani, na 5 ndiyo ukomo ambao VMware inauweka kwa vSAN iliyotandazwa kati ya vituo viwili. Kwa wengi wetu, urudufishaji wa kuchelewa kidogo ndio wenye akili.

Lakini usiukimbie umbali ukajenga kituo cha pili chumba cha jirani. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la OVHcloud mjini Strasbourg na kuharibu sehemu ya jengo la pili katika eneo lilelile. Baadhi ya wateja waliokuwa na nakala zao hapohapo walipoteza vyote. Na ukivuka mipaka, fikiria nyaya. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Anayerudufisha kwenda Johannesburg au Cape Town ajue data zake zinapita njia gani na njia ya akiba ni ipi. Asome pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ile ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, kwani zote mbili zina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi.

Sasa upana wa njia. Tuseme mashine tano za SACCO hubadilisha GB 40 kwa siku. Ukigawa kwa saa 24 unapata megabiti 3.7 kwa sekunde, na meneja atafurahi akidhani kiungo cha megabiti 10 kimezidi. Lakini mabadiliko hayaji kwa usawa. Kama nusu yake hutokea katika saa mbili za kufunga hesabu, hiyo ni GB 20 kwa sekunde 7,200, yaani megabiti 22 kwa sekunde. Kiungo cha 10 kitakuwa kimepitisha GB 9 tu, na nakala yako itakuwa nyuma kwa zaidi ya saa moja, tena saa ileile yenye miamala mizito. Pima kilele, usipime wastani. Faili za muda na za kubadilishana kumbukumbu ziwekwe kwenye diski yake usiyoirudufisha.

Nakala ya mwanzo ni suala jingine. TB 2 kupitia megabiti 20 kwa sekunde ni zaidi ya siku tisa bila kupumzika. Weka nakala hiyo kwenye diski iliyosimbwa, ipakie kwenye gari, ipeleke, kisha uache mtandao ubebe mabadiliko tu.

Seva ya domeni, na kisa cha Ghana

Seva za domeni za Windows hujirudufisha zenyewe kwa zenyewe. Ukiirudisha mojawapo nyuma kwa nakala ya mashine pepe huku wenzake wakiendelea mbele, unazalisha mgongano wa namba za mabadiliko ambao hapo zamani uliharibu orodha za watumiaji bila dalili. Windows Server 2012 ilileta kinga, mashine kutambua kwamba imerudishwa nyuma, mradi haipavaiza yako inaiunga mkono. Hata hivyo ushauri wangu ni rahisi zaidi: weka seva ya domeni iliyo hai katika kituo cha pili, inayofanya kazi kila siku. Nakala za mashine nyingine zikiamka, zitaikuta inazisubiri.

Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya iliingia kampuni ya meli ya Maersk. Seva zake za domeni, karibu 150 duniani kote, zilikuwa zimeundwa kila moja iwe akiba ya nyingine, na mpango huo haukuwa umefikiria kwamba zote zingefutwa kwa pamoja. Bila seva ya domeni, kujenga upya mtandao hakukuwa na pa kuanzia. Moja tu ilipona: ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na mashine ilikuwa nje ya mtandao. Kiungo cha Ghana kilikuwa chembamba mno kutuma data hizo Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza, hivyo diski ilibebwa hadi Nigeria ikakabidhiwa kwa mwenzao aliyeifikisha.

Urudufishaji hubeba kila kitu kwa uaminifu, pamoja na uharibifu. Amri ya kufuta jedwali ikitolewa kwa bahati mbaya, itafika kituo cha pili ndani ya dakika. Kwa hiyo mambo mawili hayana mjadala. La kwanza, programu yako ihifadhi nukta nyingi za nyuma, ili uweze kuchagua wakati wa kabla ya shambulio. Zerto huweka daftari la mabadiliko la hadi siku 30, Hyper-V Replica hadi nukta 24 za kila saa. La pili, nakala za akiba ziendelee kuchukuliwa kama kawaida, na angalau moja ikae mahali ambapo hakuna akaunti ya mtandao wako inayoweza kuifuta.

Mpangilio wa kuamka na maamuzi ya siku yenyewe

Mpangilio unafuata ramani: domeni na DNS, kanzidata, foleni, programu, tovuti mwisho. Karibu kila chombo kinakuruhusu kupanga hivyo. Site Recovery Manager ina ngazi tano za kipaumbele. Ila mashine kuwaka na huduma kuwa tayari ni mambo mawili. Kanzidata inaweza kutumia dakika nyingi kusoma kumbukumbu zake huku mashine ikionyesha imewaka. Weka skripti inayouliza swali halisi, kwa mfano kusoma safu moja ya jedwali, na ngazi inayofuata isubiri jibu. Foleni iamke ikiwa imefungwa mlango wa kutuma, hadi mhasibu alinganishe muamala wa mwisho wa kanzidata na wa foleni.

Nani anaamua kuhama? Mimi siamini uamuzi huu uachiwe mashine pale vituo viwili tu vinapohusika. Tarehe 21 Oktoba 2018 mawasiliano ya GitHub kati ya vituo vya pwani ya mashariki ya Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Mfumo wa kujiendesha ukahamishia uongozi wa kanzidata pwani ya magharibi, wakati mashariki kulikuwa na maandiko ambayo hayajavuka. Pande zote mbili zikawa na data ambazo mwenzake hana, na huduma ilidhoofika kwa saa 24 na dakika 11. Andika jina la cheo cha anayeamua, cha msaidizi wake, na muda wa kusubiri kabla ya kuamua.

Jaribio

Mpango ambao haujajaribiwa usiuhesabu kuwa ulinzi. Amsha kundi zima katika mtandao uliotengwa, usio na njia ya kutoka nje. La sivyo nakala ya foleni itatuma SMS kwa wanachama halisi, au itadai malipo ambayo yameshadaiwa. Mwite karani aingie, alipe mkopo wa majaribio, atoe taarifa. Mhasibu alinganishe jumla. Pima muda tangu amri ya kwanza hadi muamala wa kwanza kukamilika, na huo ndio uuambie uongozi, hata kama unazidi ulioahidiwa na muuzaji. Rudia kila robo mwaka na kila mashine mpya inapoongezwa, na mara moja kwa mwaka mwache fundi mkuu pembeni, wengine wafuate maandishi tu. Hapo ndipo utagundua nenosiri lililokuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Kurejea nyumbani hupangwa kwa nadra, na huumiza. Kituo cha kwanza kikitengemaa, mashine zake za zamani zisiwashwe zikiwa zimeunganishwa kwenye mtandao, maana zitadai kuwa ndizo halali. Urudufishaji ugeuzwe kwanza, kundi zima, kutoka kituo cha pili kwenda cha kwanza, na kuhama kufanyike usiku uliopangwa. Hadi mgeuko huo ukamilike, SACCO yako inaendesha kazi katika kituo kimoja kisicho na akiba. Mwambie meneja hivyo kwa maandishi siku ileile mnayohama, na umwombe idhini ya kuanza kugeuza urudufishaji kabla ya kitu kingine chochote.